Kikombe Kitupu Kilichomsuta Bi Inshirah

Saa mbili na robo asubuhi, Inshirah Abdelgelil anamimina tindikali kwenye kikombe kisicho na kitu.

Si kwamba amesahau. Mbele yake, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, vimepangwa vikombe kumi na viwili vya plastiki, kila kimoja na unga wa jiwe lake na namba yake. Cha kumi na tatu hakina jiwe wala unga. Hata hivyo anakipa tindikali ileile kwa kipimo kilekile, na mpaka alasiri atakisuuza kwa maji yaleyale, kana kwamba ndani yake mna mali ya mtu.

Tindikali hii haina mzaha. Ikikudondokea huisikii kwanza. Inapenya ngozi kimyakimya na kwenda kutafuta mfupa. Ndiyo maana amevaa glavu mbili mbili, miwani mikubwa na aproni ya mpira inayomfika viatuni. Vikombe navyo ni vya plastiki kwa sababu kioo inakitafuna.

"Watu wananiuliza, hicho kitupu unamwoshea nani?" anasema bila kugeuza kichwa. "Nawaambia naosha jina langu."

Lahaula! Mwaka jana ni kikombe hichohicho kilichomuumbua, na kidogo kimzamishe pamoja na daktari wa utafiti anayefanya naye kazi.

Inshirah ana miaka hamsini na sita. Ni fundi wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti wa miamba mjini Damanhur, na ameifanya kazi hii kwa miaka thelathini na mmoja katika chumba kilekile cha ghorofa ya chini. Mshahara wake ni pauni elfu saba na mia nne kwa mwezi. Posho ya hatari ni pauni mia tatu na hamsini, ambayo mwezi huu haikufika kilo moja ya nyama.

Kazi yenyewe ukielezwa mara ya kwanza unaweza kudhani unachezewa. Wachimbaji wa mafuta huleta vipande vya mawe kutoka visima vya Jangwa la Magharibi. Inshirah huvisaga, kisha huyeyusha jiwe lote kwa tindikali, na yeye hutafuta kile kinachogoma kuyeyuka. Masalia hayo huyachuja kwa kitambaa chenye matundu yasiyoonekana kwa macho, akayatia rangi nyekundu na kuyagandisha kwenye kioo chembamba cha hadubini. Tone moja linaweza kuwa na viganda elfu, yaani maganda ya vijidudu vya kale.

Jangwa lile lilikuwa bahari. Ndani ya bahari hiyo waliishi vijidudu vya seli moja ambavyo, hali ikiwa mbaya, vilijifungia ndani ya ganda gumu na kulala chini kwenye tope. Hali ikitengemaa, kijidudu kilifungua mlango katika ganda lake, kikatoka na kwenda zake. Ganda likabaki tupu, mlango wazi, kwa mamilioni ya miaka.

"Unamtambua kwa mlango," anasema Inshirah. "Pembe zinadanganya, miiba inavunjika, lakini mlango kila ukoo una wake. Na kila zama zina mitindo yake ya milango. Nikiuona mlango nakwambia jiwe lina umri gani, kabla daktari hajashuka."

Madaktari wenyewe hawashuki. Wako ghorofa ya tatu, na wakitaka kitu hupiga simu. Kwa hiyo siku Daktari Nivin Sidhom aliposhuka kwa miguu yake mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka jana, Inshirah alidhani kuna msiba.

Nivin ni mtaalamu wa viganda, mwanamke wa miaka thelathini na tisa anayetembea haraka hata anapokwenda kunywa chai. Alikuwa amekuta jambo katika jiwe la kisima cha Abu Tarfa, kutoka kina cha mita elfu mbili mia moja na arobaini. Viganda saba vya aina moja, visivyokuwamo katika kitabu chochote. Vilikuwa na pembe moja fupi kichwani, na mlango wa pembe tano wenye kizingiti kilichopinda upande wa kushoto.

Kilichomkosesha Nivin usingizi ni mlango huo. Ulikuwa wa mtindo wa kale mno. Jiwe la Abu Tarfa lina umri wa miaka milioni tisini na tano, na milango ya namna ile inajulikana kutoweka miaka mingi kabla ya hapo. Maana yake, alisema Nivin, ni kwamba ukoo mmoja wa kale ulibaki hai bila mtu kujua, kwa miaka milioni sitini na tano zaidi ya wenzake. Jambo kama hilo linamfanya mtu ajulikane. Katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kupata kitu cha namna hiyo, na faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa linasubiri makala moja tu.

Akapima vyote saba na kuvipiga picha. Akachagua kimoja kizuri kiwe kielelezo mama, yaani kile ambacho milele na milele mtu akibisha ataambiwa nenda kakitazame. Kisha akashuka zile ngazi na kumwambia Inshirah kwamba kiumbe huyo ataitwa kwa jina lake.

"Nilimwambia, Daktari, usinichezee asubuhi yote hii, sijanywa chai," anakumbuka Inshirah.

Hakuwa akimchezea. Jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye makala, na mkia wake wa Kilatini.

Inshirah ni mjane. Binti zake wawili wameolewa, na yeye anaishi na mama yake, Hajjat Tafida, mwenye miaka themanini na mmoja na ulimi wa miaka ishirini. Jioni hiyo alimweleza mama yake polepole: kuna mdudu wa kale, na mdudu huyo amepewa jina langu. Hajjat aliuliza kama mdudu huyo anauma. Alipoambiwa ameshakufa tangu kabla ya Nuhu, alitulia, akafikiri, akasema basi hiyo ni heshima.

Kesho yake Hajjat aliteremsha kapu lake kwa kamba kutoka roshani ya ghorofa ya tatu, kama afanyavyo kila siku, kwa muuza mboga aliye chini. Pamoja na kapu aliteremsha habari. Kabla kapu halijarudi juu na nyanya zake, mtaa mzima ulikuwa unajua. Siku ya Ijumaa akaagiza sukari kilo tano, na sharubati nyekundu ikapitishwa kwa kila mlango, kama binti ameposwa.

Makala ikaenda kwa jarida la nje. Miezi ikapita. Mwezi wa kumi majibu yakarudi, na wahakiki wawili walikuwa wameridhika. Wa tatu aliandika swali moja tu: viganda ni saba, vyote vya jiwe moja na kisima kimoja, mnajuaje kwamba havikuingia wakati wa kuosha?

Nivin alilisoma swali hilo kwa simu. Inshirah anasema damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Miaka thelathini na mmoja! Mtu ambaye hajawahi kuniona, anakaa huko, ananiuliza kama nimenawa mikono," anasema, na mpaka leo akilisimulia anapiga meza kwa kiganja.

Lakini jibu alikuwa nalo, na hapo ndipo kikombe kitupu kinapoingia.

Aliyemfundisha kazi ni fundi mkuu wa zamani, marehemu Wagdi Armanius, ambaye kituo kizima kilimwita Amu Wagdi. Mzee huyo alikuwa na sheria yake. Katika kila mkupuo wa kuosha, kikombe kimoja kiende bila jiwe. Mwisho wa safari kitengenezewe kioo kama wenzake na kitazamwe. Kikiwa na kiganda hata kimoja, basi kiganda hicho kimetoka kwenye maji, au kitambaa, au mkono wako. Alikuwa akisema jiwe halisemi uongo, kikombe ndicho kinachosema.

Amu Wagdi alitazama kila kioo kitupu, akakikuta kitupu, akakitupa. Alipostaafu, miaka kumi na tisa iliyopita, Inshirah aliiendeleza sheria kwa namna yake. Aliona uchungu kutupa. Akaanza kuvihifadhi vioo hivyo katika mabati ya biskuti za Idi, kila bati na mwaka wake. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna daktari aliyewahi kuvitaka.

Vya miaka ya mwanzo alivitazama. Vyote vilikuwa safi. Kisha kazi ikazidi, akawa anavitengeneza, anaviandika namba na kuvilaza kwenye bati, basi. Mzee alitazama akatupa, yeye akatunza bila kutazama. Hakuiona tofauti mpaka siku ile.

Akamwambia Nivin kwenye simu asubiri. Atatafuta kioo kitupu cha mkupuo wa Abu Tarfa, akipige picha kikiwa cheupe pe, wamtumie yule mtu wa tatu afunge mdomo. Akashusha bati la mwaka ule. Namba ilikuwa mahali pake. Akakiweka chini ya hadubini, akaanza kukipekua safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayechagua mchele.

Safu ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, ya tano, ya tisa, hakuna kitu. Alikuwa ameanza kutabasamu, anasema, na alikuwa ameshatunga maneno ya kumwambia Nivin.

Safu ya kumi na moja, kikatokea.

Pembe moja fupi kichwani. Mlango wa pembe tano. Kizingiti kimepinda kushoto.

"Niliacha kupumua," anasema Inshirah. "Unajua unapoteremka ngazi gizani, unadhani bado kuna moja, kumbe hakuna? Mwili wote unaanguka, na wewe umesimama."

Akakitoa kioo, akakifuta, akakirudisha. Kilikuwa palepale. Akakihamishia kwenye hadubini nyingine, labda ya kwanza ina uchafu. Kilikuwemo. Akasoma lebo mara nne, na mwandiko ulikuwa wake. Akaendelea kupekua, na katika safu ya kumi na sita akakuta cha pili.

Kwenye kikombe kisichokuwa na jiwe, mlikuwa na kiumbe mwenye jina lake. Viganda viwili.

Jamani, pana mshtuko wa kusikia habari mbaya, na pana mshtuko wa kukuta habari mbaya imeandikwa kwa mkono wako mwenyewe. Maabara ilikuwa tupu. Wenzake walikuwa wamekwenda kula ful, yaani maharagwe ya kupondwa, na falafeli. Kioo cha hadubini ni chembamba, kinaingia kiganjani na nafasi ikabaki, na sinki lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

"Nilifikiria, sitakuficha," anasema. "Nilikitazama kioo, nikalitazama sinki. Nikafikiria sharubati ya mama. Nikamfikiria Nivin na faili lake. Robo saa nzima nilikaa pale, na sikuwa mtu mzuri katika robo saa ile."

Kilichomwinua, anasema, si uchamungu. Ni hesabu. Kwenye mabati yale mlikuwa na vioo elfu moja mia nane na kumi na viwili. Akikitupa hicho kimoja, vilivyobaki vyote alivitengeneza vya nini?

Ngazi kutoka maabara hadi ghorofa ya tatu ni arobaini na nne, na goti lake la kulia halipendi ngazi. Alizipanda na kioo ndani ya leso. Akabisha hodi. Nivin alikitia chini ya hadubini na kukipekua safu kwa safu. Halafu akauliza bila kuinua kichwa:

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Funga mlango."

Yaliyofuata Inshirah anayasimulia kwa sauti ya chini. Nivin alitaka kujua imekuwaje, na ilibidi aambiwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya siku ile aliijua fundi peke yake. Ilikuwa Ramadhani. Kitambaa cha kuchujia kinaagizwa kutoka nje, na kila jiwe linapaswa kupata kipande chake kipya. Mwezi huo vilikuwa vimebaki vipande vitatu tu, vipya vikiwa vimekwama bandarini. Akawa anavifua na kuvirudia. Kwa kawaida kitambaa kilichotumika hukisugua kwa mswaki na sabuni robo saa nzima. Lakini siku ile ndugu zake wote walikuwa wanakuja kufuturu kwao, kabichi ya mahshi, ile ya kuviringishia wali, ilikuwa haijaviringishwa hata jani moja, na mzinga wa kufuturu unaopigwa magharibi haumsubiri mtu. Akakisuuza kitambaa namba tatu kwa maji, akakikung'uta, akaendelea.

"Ulimwengu mzima tuuambie ukoo uliishi miaka milioni sitini na tano zaidi," alisema Nivin, "kwa sababu ya mahshi?"

Inshirah akaikunja leso yake.

Ndipo Nivin akasema neno ambalo wote wawili wanalikumbuka mpaka leo. "Miaka thelathini na mmoja unafua vitambaa. Umeshindwa kimoja?"

Inshirah akafungua mlango na kushuka. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa kupita uchochoro wa nyuma, ili asipite mbele ya muuza mboga.

Wiki nzima alipita uchochoroni. Mama yake ndiye aliyemkamata, kwa kuwa kutoka roshani ile Hajjat huona kila anayeingia na kila asiyeingia. Inshirah akamweleza yote, na akasema atapita mlango kwa mlango kuwaambia majirani haikuwa kweli. Hajjat alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sharubati imeshanywewa," alimwambia. "Unataka waitapike? Nenda kazini, mwanangu. Umesema mwenyewe kabla hujasemwa, hilo mimi linanitosha. Na kama kuna mtu atakayekucheka, nitamwagia maji kutoka hapa juu."

Huko kazini Nivin alikuwa ameshaandika barua kwa jarida, mistari mitatu, na kuiondoa makala. Hakumwambia mtu mwingine sababu. Faili lake la cheo likarudi kabatini, likisubiri mwaka mwingine. Kwa siku sita yeye na Inshirah walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya mkate.

Siku ya saba, Inshirah alikuwa anasafisha rafu akapitisha macho kwenye daftari lake la kuoshea. Yeye huandika kila kitu: tarehe, kikombe, jiwe, na kitambaa gani. Akakaa chini. Kiganda hakizaliwi kitambaani. Kama kitambaa namba tatu kilikibeba, basi kilikitoa katika jiwe fulani, na jiwe hilo limeandikwa.

Akashuka na kidole ukurasani. Kitambaa namba tatu: kikombe kitupu. Kabla yake, Abu Tarfa. Kabla yake, Jumanne ya wiki iliyotangulia, kisima cha Umm Ghazala, mita elfu tatu mia sita na tisini. Jiwe la miaka milioni mia moja na sitini.

Zama za milango ile hasa!

Hapo hesabu zote zikakaa sawa. Abu Tarfa saba, kikombe kitupu viwili, kwa maana kitambaa kilikuwa kinasuuzika kidogo kidogo kila kilipotumika. Hakukuwa na ukoo uliochelewa kufa. Kulikuwa na kiumbe mpya kweli, asiyejulikana na yeyote, ila wao walimkuta nyumba siyo yake. Inshirah akapanda ngazi arobaini na nne kwa mara ya pili.

Nivin alipoliona daftari alisimama. Vioo vya Umm Ghazala vilikuwa ghorofa ileile, chumba cha tatu kutoka chake, kwa mtaalamu mwingine wa kituo ambaye hushughulika na chavua za miti ya kale na hajali kitu kilichotoka baharini. Wakaenda wote wawili. Nivin akaweka kioo cha kwanza, na kabla hajamaliza safu mbili alikuwa ameshakuta vitatu.

Wakamuuliza yule bwana kama hakuwahi kuviona.

"Nimeviona, vimejaa tele," alisema, akiendelea kukoroga chai yake. "Nikadhani mnavijua. Mimi mtu wa chavua."

Inshirah anasema Nivin alimtazama yule bwana, akamtazama yeye, kisha akaketi kwenye kiti kisicho chake na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akamshika Inshirah mkono na kumwomba radhi kwa lile neno la vitambaa, mbele ya mtu wa chavua na chai yake.

Mtu mwingine angefurahi, akaandika makala upya. Inshirah alikataa. Alisema kama kitambaa kilidanganya mara moja, nani anaapa kwamba Umm Ghazala nayo haikuletewa na jiwe lililotangulia? Mikono ni ileile, sinki lilelile. Lililobaki la jiwe lile, kipande cha ukubwa wa tende mbili, lipelekwe maabara nyingine, mji mwingine, kwa fundi ambaye hamjui yeye wala hajui anachotafuta. Na kikombe kitupu kiende pamoja nalo.

Nivin alimwambia kipande kikiishia huko bila kitu, hakuna kingine duniani, kisima kimeshazibwa. Inshirah akasema anajua.

Miezi mitatu walisubiri. Inshirah anasema alipungua kilo tatu, na mahshi hakuweza hata kuitazama. Barua ilifika mwezi wa pili, siku ya mvua. Kioo cha jiwe: viganda arobaini na kimoja, mlango wa pembe tano, kizingiti kimepinda kushoto. Kioo kitupu: hakuna kitu.

Jioni hiyo alipita barabara kubwa, mbele ya muuza mboga. Alimweleza mama yake kwamba yule kiumbe ni wa kweli, ila si wa miaka milioni tisini na tano. Ni wa milioni mia moja na sitini. Hajjat Tafida akafunga kamba kwenye kapu na kulishusha. Waliokuwapo chini wanasema aliwatangazia kwa sauti ya kusikika hadi msikitini: yule mdudu wetu kumbe ni mkubwa zaidi kuliko walivyosema, kwa hiyo mtaa huu umezidishiwa heshima.

Makala mpya iko mbioni. Safari hii ina ukurasa mzima kuhusu kikombe kitupu, kitambaa namba tatu na kosa lililotokea, bila kuficha kitu isipokuwa mahshi. Nivin anasema cheo kilichochelewa kinauma, na hajifanyi kwamba hakiumi. "Lakini fikiria ningekipata kwa makala ile ya kwanza," anasema. "Ningekuwa nashtuka kila nikisikia hodi."

Jina je? Inshirah alimwambia Nivin alifute, lisimame la Amu Wagdi. Nivin akagoma. Alisema Amu Wagdi angeona viganda, akaosha upya na kukitupa kile kioo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi yake, na kisima kingezibwa na kila kitu kingekwisha. Wamebishana wiki mbili. Jina limebaki la Inshirah.

Sasa ni saa nane mchana. Vikombe vimetulia, na ndani ya vile kumi na viwili mawe yamekwisha kuyeyuka. Inshirah amevua aproni. Amechuja kila kimoja kwa kitambaa chake kipya; vilivyotumika havifuliwi tena, vinachomwa. Cha kumi na tatu amekitengenezea kioo na sasa anakitazama palepale, leoleo, safu kwa safu. Kitupu. Anaandika kwenye daftari na kuweka sahihi.

Haondoki. Anavuta kiti karibu na rafu ya mabati ya biskuti. Amebakiza miaka minne astaafu, na ana mpango ambao kituo kizima kimeusikia kwa mshtuko. Anataka kuvitazama vioo vitupu vyote alivyovitunza, hata vile alivyokwisha kuvitazama, kuanzia cha kwanza. Ni viwili kila siku ya kazi. Amepiga hesabu kwamba atamaliza kama mwezi mmoja hivi kabla ya kukabidhi funguo.

Na hapo ndipo pa kutisha. Katika miaka hiyo kumi na tisa, makala zaidi ya mia moja zimetoka kwenye maji ya sinki lile. Watu wamepata vyeo na kiyoyozi, na wengine wameshastaafu kwa heshima. Hakuna anayejua mabati yamelalia nini. Daktari mmoja alishuka wiki iliyopita, kwa miguu yake, kuuliza kwa upole kama mabati ya zamani hayawezi kuwa yamepotea wakati wa kupaka rangi. Mwingine amemletea basbusa, keki tamu ya shira.

"Walioko juu wameanza kunisalimia vizuri sana," anasema Inshirah, akitoa kioo cha kwanza cha leo na kukipuliza vumbi. "Mimi sina ubaya na mtu. Nikikuta pako safi, nitafurahi kuliko wao. Nikikuta kitu, nitapanda nikabishe hodi."

Anainama kwenye hadubini na kugusa goti lake la kulia.

"Nilishapanda mara moja na changu mwenyewe," anasema. "Vya wenzangu ni vyepesi."